Mwongozo Kamili wa Kupima Hatari ya Mafuriko na Maporomoko Mahali Unapoishi

Mvua ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huihesabu kuwa mvua kubwa. Ikinyesha kwenye mbuga isiyo na mtu, hakuna gazeti litakaloiandika. Ikinyesha juu ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, usiku wa manane, kuna watakaolala juu ya meza na kuna watakaotafutwa asubuhi. Mvua ni ile ile.

Kwa hiyo anayeuliza "mwaka huu mvua zitakuwa kubwa?" ameuliza nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hii: wewe uko wapi, umejenga kwa vifaa gani, na unaishi na nani. Mwongozo huu ni wa hiyo nusu ya pili. Ni kwa mpangaji, mwenye nyumba na anayetafuta kiwanja, hasa Tanzania, ingawa mtu wa Budalangi (Kenya) au Bududa (Uganda) ataona mengi ya kwao humu. Kazi yake kubwa hufanyika kiangazi, jua likiwaka, wakati hakuna anayetaka kusikia habari za mafuriko.

Hatua ya 1: Tenganisha tukio na maafa

Maafa huzaliwa mambo matatu yakikutana. La kwanza ni tukio la asili: mvua, tetemeko, upepo, mlima kumeguka. La pili ni watu na mali vilivyo kwenye njia ya tukio hilo. La tatu ni udhaifu wa hao watu na hizo mali: nyumba ya tope, mgonjwa asiyeweza kutembea, familia isiyo na nauli ya kuondoka. La kwanza hatuna uwezo nalo. Mengine mawili yanapimika, na yakipimika yanapunguzika.

Chukua Hanang. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara, yenye miamba dhaifu iliyokuwa imeshiba maji ya mvua, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka kwa kufuata mikondo ya maji hadi vijijini na kwenye mji mdogo wa Katesh ulioko chini ya mlima. Zaidi ya watu 80 walifariki. Tukio lilikuwa mvua za vuli zilizotiwa nguvu na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Njia ilikuwa mikondo ambayo ipo miaka yote, imekauka muda mwingi, na kando yake kuna makazi na maduka. Udhaifu mmojawapo ulikuwa saa yenyewe: alfajiri mtu yuko kitandani, haoni mlima, na hakuna king'ora cha kumwamsha.

Sasa linganisha na Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. TMA ilikuwa imekitangaza siku kadhaa kabla, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Bahari ilichafuka kama ilivyotabiriwa, lakini abiria hawakuwamo. Na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9? Penye majengo yaliyofungwa vizuri kwa nondo na mkanda wa zege, tetemeko la kiasi hicho aghalabu huacha nyufa na hofu. Bukoba, kuta nyingi za matofali yaliyounganishwa kwa udongo zilianguka, na watu wakafa.

Zoezi lako la kwanza: chukua karatasi, gawa safu tatu, uandike tukio, njia na udhaifu. Hatua zote zinazofuata ni kujaza safu ya pili na ya tatu. Usijaze kwa kubahatisha ukiwa umekaa sebuleni.

Hatua ya 2: Fuata maji hadi yanakotoka

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Maana yake mvua inaweza kunyesha Kisarawe huku mtu wa Jangwani anaanika nguo. Anayetazama mawingu ya juu ya paa lake anatazama pasipo.

Tafuta mto, kijito au mtaro ulio karibu nawe, halafu utembee kuelekea juu. Kilomita mbili au tatu zinatosha kwa asubuhi moja. Nenda na jirani, na kiangazi tu. Angalia haya:

Karavati, yaani njia ya maji chini ya barabara au reli. Piga jicho ndani. Kama lina mchanga hadi nusu, basi maji yanapita kwenye nusu iliyobaki. Kama mdomoni kuna magogo, magodoro na mifuko, hilo si karavati tena, ni ukuta. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya, maji yalikusanyika nyuma ya karavati la reli lililokuwa limeziba kwa uchafu. Tuta lilipopasuka, yakashuka yote kwa mkupuo na zaidi ya watu 40 wakafa. Hapakuwa na bwawa lililojengwa hapo. Kizuizi kilijitengeneza chenyewe, na hakuna aliyekuwa amekiandika popote kuwa ni bwawa.

Matawi ya miti ya ukingoni. Mifuko ya nailoni na matambara yaliyonasa kwenye matawi ndiyo kipimo cha bure kabisa cha mafuriko yaliyopita. Simama chini ya mti, pima kwa mkono urefu kutoka ardhini hadi kwenye tambara la juu kabisa, kisha ujiulize kimo hicho kingefika wapi kwenye ukuta wako. Nimeona watu wakiishi mwaka mzima na kipimo hicho juu ya vichwa vyao na hawajawahi kukisoma.

Kingo. Penye kuchimbwa mchanga, ukingo huliwa na mto huhama. Nyumba iliyokuwa mita 30 kutoka mtoni miaka kumi iliyopita inaweza kuwa mita 8 leo bila mtu kuihamisha.

Vitu vipya huko juu. Ukuta wa kiwanda, kituo cha mafuta, uwanja uliomwagwa zege, shamba lililofyekwa hadi kileleni. Kila kimoja huongeza maji au huyageuza njia. Ndiyo maana "hapa hapajawahi kufurika" ya mwaka 2005 haina uzito mkubwa leo.

Kama una simu yenye intaneti, tazama pia ramani. Kwa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulichora mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika kwa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, na data zake ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Ramani itakuonyesha mkondo uliofichwa na nyumba. Haitakuonyesha godoro lililoziba karavati wiki iliyopita, kwa hiyo usiache kutembea.

Hatua ya 3: Zisome kuta kabla ya kuuliza watu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Maji ya mafuriko yakisimama huacha mstari. Yakikauka, tope laini hubaki kwenye ukuta na rangi ya chini hubadilika. Unyevunyevu wa kawaida unaopanda kutoka kwenye msingi pia huchafua ukuta na kutoa chumvichumvi, ila mstari wake hupanda na kushuka bila mpango, na kila nyumba ina wake. Mstari wa mafuriko umenyooka, na ukiufuata kwa macho nyumba hadi nyumba utaukuta kwenye usawa mmoja. Ukuta ukiwa umepakwa rangi upya, tazama nyuma ya nyumba, chooni, kwenye nguzo ya umeme au kwenye shina la mnazi. Hakuna anayepaka rangi mnazi kwa ajili ya mteja.

Kisha tazama watu walivyozoea. Kijiukuta cha zege mlangoni ambacho lazima ukivuke kwa kuinua mguu. Soketi zilizowekwa kifuani badala ya karibu na sakafu. Matofali chini ya miguu ya kitanda na kabati. Friji juu ya jukwaa. Choo kilichoinuliwa kwa ngazi tatu nne. Hivyo vyote ni ushahidi uliotolewa na mtu aliyelipia gharama yake, na hausemi uongo.

Mimea nayo inasema: matete, mafunjo, magimbi yanayostawi bila kumwagiliwa. Udongo mweusi unaopasuka mipasuko mipana wakati wa kiangazi ni mfinyanzi unaovimba ukilowa. Maji hayazami haraka humo, na msingi mwepesi hucheza. Kisima kifupi chenye maji karibu na mdomo kiangazi kinakuambia ardhi ile haina nafasi ya kupokea mengine.

Baada ya hapo, uliza watu. Chagua nani wa kumuuliza. Dalali na mwenye kiwanja wana maslahi. Mwenyeji anayeogopa bomoabomoa naye anaweza kuficha. Mama lishe wa barabarani hana sababu ya kukudanganya. Bodaboda anajua barabara zinazokatika kwanza. Mwalimu wa shule ya msingi anajua watoto wa mtaa gani hawafiki siku za mvua. Na usiulize "huku kuna mafuriko?" kwa sababu utajibiwa "hapana, maji yanapita tu." Uliza hivi: "Shikamoo mama. Ile mvua kubwa ya mwisho, maji yalifika wapi hapa kwako?" Atakuonyesha kwa mkono, gotini au kiunoni. Endelea: yalikuja usiku au mchana? Yalichukua muda gani tangu yaonekane barabarani hadi yaingie ndani? Yalikaa siku ngapi? Mlikimbilia wapi? Majibu ya swali la muda wa kutoka barabarani hadi ndani yaandike kwa kalamu nyekundu, kwa sababu huo ndio muda utakaokuwa nao wewe.

Hatua ya 4: Kama unaishi kwenye mteremko

Lushoto, Uluguru, Rungwe, miteremko ya Kilimanjaro, Bududa huko Uganda, Pokot Magharibi huko Kenya: huku hatari kubwa ni ardhi yenyewe kuondoka. Mvua ndefu ya siku nyingi hujaza udongo maji, uzito unaongezeka na mshiko unapungua. Kisha mvua moja kubwa ya usiku hukamilisha kazi. Ndiyo maana huku huwezi kutazama mvua ya leo peke yake. Hesabu na ya wiki mbili zilizopita.

Kila mwezi wa masika zunguka juu ya nyumba yako ukitafuta nyufa zenye umbo la mwezi mchanga kwenye ardhi, miti au nguzo zilizoanza kuinama, uzio uliopinda, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, na milango au madirisha yaliyokuwa yanafunga vizuri ghafla yakagoma. Ufa ukiuona, pigilia vijiti viwili, kila upande kimoja, na upime umbali kati yao kwa kamba. Ukipima tena kesho yake na kamba haitoshi, ardhi inatembea. Hamisha watu kabla ya kwenda kumtafuta wa kukuthibitishia.

Dalili za dakika za mwisho ni hizi: mto unapungua ghafla huku mvua inaendelea (kuna kitu kimeuziba huko juu), au maji safi yanageuka tope zito kwa mara moja, au unasikia ngurumo isiyokoma na miti ikivunjika. Hapo usikimbie kuelekea chini kwa kufuata bonde. Toka kwenye mkondo kwa kwenda pembeni, upande ulioinuka. Na usijenge kwenye mdomo wa korongo, hata kama ndipo penye tambarare pekee. Tambarare hiyo imeletwa na maporomoko ya zamani.

Hatua ya 5: Geuza milimita kuwa lita

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ndiyo hesabu nzima. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 inaliletea lita 4,000, yaani matangi manne ya lita elfu moja. Sasa zidisha. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo mvua hiyo hiyo inaleta zaidi ya lita 200,000 kwenye ekari moja, sawa na maboza ishirini ya lita 10,000. Ardhi yenye nyasi hunywa sehemu ya maji hayo. Zege na lami havinywi.

Tumia hesabu hii kwa mambo mawili. Kwanza, paa lako linamwaga wapi? Kama nyumba kumi zimepangana na zote zinamwagia kwenye kichochoro kimoja, kichochoro hicho kinapokea lita 40,000 na hakuna mto wowote uliohusika. Mafuriko mengi ya uswahilini ni ya namna hii. Pili, tangi la kuvuna maji ya mvua linasaidia kweli, lakini likiwa tupu. Lililojaa tangu wiki iliyopita halizuii tone.

Hatua ya 6: Soma utabiri kama ulivyoandikwa

TMA hutoa utabiri wa aina mbili ambao watu huuchanganya.

Utabiri wa msimu huhusu vuli (Oktoba hadi Desemba), masika (Machi hadi Mei) na, kwa mikoa ya magharibi, kati na kusini, msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Humo utakuta maneno "wastani", "juu ya wastani" na "chini ya wastani". Wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya kawaida ya miaka mingi ya eneo hilo. Angalia upana wake. Msimu wa wastani unaweza kuwa na siku moja ya kuzamisha mtaa, na msimu wa chini ya wastani pia. Utabiri huu ni wa kupanga: lini usafishe mtaro, lini uweke akiba. Vyanzo vyake vikubwa ni joto la bahari. El Niño katika Pasifiki ni moja. Jingine, ambalo kwetu mara nyingine lina nguvu zaidi, ni maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi kuwa na joto kuliko ya mashariki. Mwaka 1997 na mwaka 2023 yote mawili yalikuja pamoja wakati wa vuli.

Tahadhari ya siku chache ndiyo ya kuamulia. Hutolewa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari miwili ambayo vyombo vya habari huikata: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Isome yote miwili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa ni jambo la kuhamisha bibi kwa usiku mmoja. Uwezekano mkubwa wenye athari ndogo ni jambo la kuanua nguo na kuwahi daladala. Mtu akisema "TMA walitangaza na haikunyesha," muulize tangazo lilisema uwezekano gani. Aghalabu hakusoma.

Na ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila tarehe, usiusambaze. Fungua kurasa za TMA wenyewe.

Hatua ya 7: Wahesabu watu

Andika kila anayelala kwenye nyumba, wapangaji pamoja. Nani hawezi kutembea haraka? Nani ana mimba ya miezi ya mwisho? Nani anatumia dawa kila siku, za presha, sukari au ARV? Nani anafunga chumba kwa kufuli na kwenda zamu ya usiku akiacha watoto ndani? Hili la mwisho lipo kwenye nyumba nyingi za kupanga na halizungumzwi.

Kisha pesa. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, serikali iliwapa viwanja Mabwepande baadhi ya waliokuwa wakiishi bondeni. Wengine walirudi mjini. Kuna wanaowacheka, mimi siwacheki. Mtu anayeuza samaki soko la Feri, katikati ya mji, alfajiri akihamishiwa mbali na mji amepunguziwa hatari ya maji na kuongezewa hatari ya njaa, naye ndiye anayejua ipi inamfikia kwanza. Ukipima hatari ya nyumba yako, weka na hiyo kwenye karatasi: ukihama, riziki itatoka wapi? Jibu likikosekana, mpango wako uwe wa kuishi hapo kwa tahadhari.

Hatua ya 8: Rekebisha kuanzia cha bei rahisi

Zibua mtaro wa mbele ya nyumba na wa jirani wa chini yako, kabla ya vuli na kabla ya masika. Ukizibua wako peke yako umemletea yeye maji tu. Taka zilizotolewa zisiachwe ukingoni. Mvua ya kwanza itazirudisha.

Pandisha soketi na swichi hadi kifuani, na hakikisha kila mkubwa ndani ya nyumba anajua meni suichi ilipo na anaweza kuizima gizani.

Vyeti vya kuzaliwa, hati, kadi za benki na za kliniki viweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, juu, karibu na mlango. Vipige picha na uitume kwa ndugu wa mkoa mwingine.

Choo. Shimo la choo likifurika, uchafu huingia ndani kupitia chooni na kwenye chemba kabla hata maji ya mto hayajafika mlangoni. Kiroba cha mchanga kilichofungwa vizuri juu ya tundu la choo husaidia. Na acha ile tabia ya kufungulia karo la choo mvua ikinyesha. Kipindupindu hakichagui nyumba.

Viroba vya mchanga mlangoni huchelewesha maji, havizuii. Vinakupa muda wa kupandisha vitu.

Yanayogharimu ni kuinua jamvi (sakafu ya zege), kujenga msingi wa mawe na saruji badala ya tofali za udongo, na kufunga mkanda wa zege juu ya kuta, ambao unasaidia kwa mafuriko na kwa tetemeko pia. Mlimani: makinga maji, matuta na majani yenye mizizi mirefu, na maji ya paa yapelekwe kwa bomba au mtaro hadi bondeni yasilowanishe mteremko. Ukuta mrefu wa kuzuia maji uliojengwa bila matundu ya kupitishia ni wa hatari. Maji hujaa nyuma yake, ukaanguka juu ya watu.

Hatua ya 9: Weka alama ya kuondoka

Watu wengi hawafi kwa kukosa taarifa. Wanafariki wakisubiri dalili moja zaidi. Kwa hiyo amueni mapema, mkiwa mmekaa, kwamba kitu fulani kikitokea tunaondoka bila mjadala. Chora mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja au kwenye mti unaoonekana kutoka kwako. Maji yakiugusa, watoto, wazee na wagonjwa wanaondoka, hata kama ni saa nane usiku. Mstari uwekwe chini kiasi cha kukupa muda ule ulioandika kwa kalamu nyekundu.

Amueni na mahali: kwa nani, kwa njia gani, na njia ya pili ikiwa ya kwanza imekatika. Njia isivuke mto wala mtaro. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Dereva wa basi akitaka kujaribu daraja lililofunikwa na maji, shukeni. Atawatukana, na nauli imekwenda. Shukeni.

Mgawanyo wa kazi uwe wa majina: nani anambeba nani, nani anazima umeme, nani anagonga milango ya majirani. Simu zijazwe chaji siku ya angalizo. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya Polisi ni 112. Mpe mpango wako mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi chini kabisa, na kamati nyingi za chini huanza kufanya kazi pale tu mwananchi anapouliza iko wapi.

Kwa wa pwani, nyongeza fupi. Ukihisi tetemeko refu, au bahari ikikimbia kutoka ufukweni ghafla na kuacha samaki mchangani, usiende kuokota. Panda juu. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika hadi Dar es Salaam na kuua watu waliokuwa wakiogelea.

Hatua ya 10: Kurudi

Usiwashe umeme hadi fundi akague. Ingia mchana, na fimbo, kwa kuwa nyoka naye alitafuta pakavu. Piga picha kila kilichoharibika kabla ya kusafisha, na hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya mtaa siku hiyo hiyo. Chakula kilichoguswa na maji tupa. Maji ya kisima chemsha au tia dawa ya klorini hadi kisima kisafishwe na kutibiwa. Mtoto akiharisha maji maji kama ya mchele, hilo halisubiri kesho.

Kisha, tope likiwa bado bichi, chukua msumari na uchore kwenye ukuta mahali maji yalipofikia, pamoja na tarehe.

Kama bado hujanunua

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Pima mwenyewe kwa futi kamba, kuanzia ukingo wa maji ya masika na si ule wa Agosti. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uulize kiwanja kimepangiwa matumizi gani, maana muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano hauthibitishi kwamba mahali pale panajengeka. Halafu mwambie muuzaji utalipa baada ya kuona kiwanja siku ya mvua kubwa. Akikuharakisha, akisema kuna mteja mwingine anakuja na pesa taslimu, mwache huyo mteja akichukue.